Dakika Ishirini za Mama Nanyangwe

Jumatatu, 4 Agosti

Orodha ya washiriki, toleo la sita. Kila nikiifunga, mtu anapiga simu kwamba ana mtu wake. Nimefika arobaini na wawili. Ukumbi unabeba arobaini.

Bango limerudi kutoka kwa mchapaji. Ameweka picha ya dada anayetabasamu mbele ya laptop. Warsha nzima inahusu kompyuta ambazo hazina skrini wala kibodi, vidude vilivyofichwa ndani ya vitu vya kawaida, kwenye chungu, kwenye kichanja cha kahawa, kwenye tela la lori, vinapima na kutuma habari vyenyewe bila mtu kuvigusa. Nilimweleza mara mbili. Akaniuliza, sasa mwalimu, kitu kisichoonekana nakipigaje picha?  Dada wa laptop amebaki.

Zimebaki wiki tatu na siku mbili. Mgongo unauma. Hapa Vwawa baridi haijaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu ndefu na Bwalya. Warsha hii ni yetu sisi wawili, yeye anafundisha Zambia, mimi huku. Tumeiota tangu tukiwa wanafunzi. Tulichagua Tunduma ili pasiwe na mgeni wala mwenyeji.

Habari kubwa: chuo rafiki cha ng'ambo kimethibitisha. Profesa wao anakuja mwenyewe. Ila vifaa vya awamu ya pili vinatosha kituo kimoja tu. Vinavyogombea ni vile viwili vya awamu ya kwanza, Ivuna kwenye chumvi na Mbebe kwenye kahawa. Kila kituo kitapewa dakika ishirini, halafu kura inapigwa papo hapo profesa akiwepo, maana mchana huohuo anawahi ndege Mbeya. Kitakachoshindwa, vidude vyake vinang'olewa.

Bwalya akauliza ratiba ni ya saa za kwetu au za kwao. Nikacheka. Kuniuliza mimi, mtoto wa Tunduma! Utotoni nilikuwa natumwa mkate Nakonde, upande wa pili wa mpaka, naondoka nyumbani saa mbili nafika dukani saa moja, maana Zambia wako nyuma yetu kwa saa nzima. Kwetu mtu akikupa miadi, unamuuliza kwanza saa ya wapi. Nimemwahidi nitaandika wazi kwenye barua za watu wake kwamba saa zote ni za Tanzania.

Jumamosi, 9 Agosti

Ivuna. Vumbi mpaka kwenye meno.

Mama Nanyangwe, mpika chumvi wa mradi wetu, alikuwa kwenye vyungu vyake. Udongo wa chumvi unawekwa kwenye chungu kilichotobolewa, unamwagiwa maji, yanachuja taratibu, na yale yanayodondoka ndiyo yanayochemshwa hadi chumvi ibaki. Kazi yote iko kwenye kujua maji yamekolea kiasi gani. Ukichemsha mapema unamaliza kuni bure. Yeye anajua kwa ulimi. Anachovya kidole, anaonja, anatema, anasema "nzito" au "bado".

Hospitali wamemkataza. Presha. Miaka yote hiyo ya kuonja chumvi kutwa nzima. Ndiyo maana alikubali vijiti vyetu. Kijiti kinakaa kwenye maji, kinapima ukali, kinatuma namba kwenye simu. Misimu mitatu sasa.

Tatizo, vijiti vinashika ukoko wa chumvi na vinaanza kudanganya. Mimi na digrii zangu sikugundua. Amegundua yeye. Ana daftari la mistari, jalada limeliwa na chumvi. Kushoto namba ya kijiti. Kulia neno la ulimi wake. Vikipishana, anasubiri chumvi yenyewe iamue nani alikuwa sahihi, anaweka tiki. Anaonja mara chache tu, za kuhakiki. Vifaa vya awamu ya pili vina vijiti vinavyojisafisha, na vikirekebishwa kwa daftari lile hatahitaji kuonja tena maishani mwake.

Nimemwambia azungumze mwenyewe kwenye warsha. Akasita. Kiswahili chake, anasema, kimejaa Kinamwanga. Kisha akauliza kama akizungumza vizuri vijiti vitabaki. Nikamjibu kwamba hilo ndilo litakaloamua.

Nikamkabidhi simu mpya ya mradi. Nimeipanga kila kitu mwenyewe: idake mtandao wowote uliopo, saa ijirekebishe yenyewe, asihangaike na chochote. Mkononi alikuwa na saa ya marehemu mumewe, ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika. Kila jioni huilinganisha na taarifa ya habari ya redio. Nikamtania. Nikamwambia mama, hiyo uiache nyumbani, utatuaibisha, watu tunazungumza kompyuta wewe unatia saa ufunguo. Simu haikosei. Akacheka, akaifunika kwa kiganja.

Jumatano, 13 Agosti

Vyumba. Hoteli yenye ukumbi imejaa. Nimewaweka humo wenye vyeo. Wengine nimewatafutia gesti kule chini karibu na geti la mpaka. Mama Nanyangwe yupo huko. Nimejiambia hatajali. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu, 18 Agosti

Barua zimekwenda. Za Zambia zina mstari wa wino mzito: saa zote ni za Tanzania. Za huku hazina. Niliona kuwaandikia Watanzania kwamba saa ni za Tanzania ni kuwatukana.

Mgeni rasmi bado hajajibu. Mpishi anataka kujua wangapi hawali nguruwe.

Jumapili, 24 Agosti

Baada ya ibada nimempigia Mama Nanyangwe. Amefanya mazoezi mbele ya wanakwaya wenzake. Mara ya kwanza alimaliza kwa dakika tisa kwa woga, mara ya pili ishirini na tano kwa raha. Sasa ameshika ishirini. Amepima kwa simu, akaniambia, kama nilivyomwelekeza.

Nina furaha. Niiandike maana huwa siandiki furaha.

Jumanne, 26 Agosti

Tunduma. Malori yamepanga foleni kutoka mpakani mpaka sikuona mwisho. Nimekimbizana na projekta, beji, maji ya kunywa, jenereta.

Alasiri nikampokea Mama Nanyangwe stendi, nikampeleka gesti. Kitenge kipya, daftari ndani ya mfuko wa plastiki, mara mbili. Mkono mtupu. Nikaona alama nyeupe pale saa ilipokuwa ikikaa. Nikamsifu kwa kunisikia. Zamu yake ni saa nne na nusu. Akasema atatembea, si mbali, robo saa tu. Nikaona vyema, gari lenyewe lilikuwa moja tu, la profesa.

Jumatano, 27 Agosti

Niandike yote, bila kujipendelea.

Dokta Kibona wa kahawa alianza saa nne kamili. Picha nzuri, grafu nzuri, kijana amejipanga. Akamaliza ndani ya dakika zake. Saa nne na nusu nikamwita Mama Nanyangwe. Kiti kitupu. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Profesa akaangalia saa yake, kwa adabu, lakini akaangalia.

Nikasubiri dakika kumi. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu arobaini na wawili, jasho linanitoka mgongoni. Nikatabasamu. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Mtusamehe, ndugu zetu wa chumvi saa yao ni jua."

Wakacheka. Ukumbi mzima. Nilijisikia vizuri walivyocheka, hilo nalo niliandike.

Nikaieleza Ivuna mwenyewe kwa dakika tano, vibaya, bila daftari. Saa tano kura ikapigwa. Mbebe wakashinda kwa mbali.

Saa tano na dakika kumi mlango ukafunguliwa. Kitenge kipya, mfuko wa plastiki mkononi. Amesimama wima, anahema kidogo. Nikamfuata. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimewahi, mwalimu. Nikae wapi?"

Nikadhani amechanganyikiwa. Nikamkalisha nyuma, nikamletea chai kwa mkono wangu. Wakati wa mapumziko Bwalya akaja kumsalimia, maana anamfahamu kwa simu, akamwuliza kwa upole imekuwaje. Akamwonyesha simu. Saa nne na dakika thelathini na tano. Ya ukutani ilikuwa saa tano na thelathini na tano.

Bwalya akaielewa kabla yangu. Akaishika, akaitazama, akanitazama, akaniita kwa neno la heshima la kwao. "Hii ni saa ya kwetu, mukwai. Imeshika mtandao wa Nakonde."

Gesti ya mpakani. Mtandao wowote uliopo. Saa ijirekebishe yenyewe. Mikono yangu hii.

Kwa hiyo hakuchelewa. Kwa saa niliyompa mimi alifika dakika ishirini kabla. Alikuwa amekaa kitandani amevaa tangu alfajiri, anaitazama ile simu.

Haya, kosa ni kosa. Lililofuata si kosa. Bwalya akasema tusimamishe, tuwaeleze watu, mama azungumze, kura irudiwe. Profesa yupo mpaka saa saba. Muda upo. Alikuwa sahihi. Muda ulikuwepo, zaidi ya saa nzima.

Nikakataa. Nikasema tusivuruge ratiba, mgeni rasmi anafuata, itaonekana hatujajipanga. Ukweli ni kwamba ningelazimika kurudi kwenye kile kipaza sauti na kuwaambia wale waliocheka kwamba saa iliyokosea ilikuwa yangu. Sikuweza. Mtaalamu wa kompyuta za kila mahali, mtoto wa Tunduma.

 Bwalya hajazungumza nami tena isipokuwa ya kazi.

Mama Nanyangwe nilimpa nafasi alasiri, profesa ameshaondoka, nusu ya viti vitupu. Akasoma daftari lake polepole. Siku kijiti kilipodanganya, siku ulimi ulipodanganya, maana na yeye alikosea, kaandika. Dakika ishirini kamili. Dokta Kibona alikuwa anaandika kila neno. Alipomaliza, Kibona akaniuliza kwa nini haya hatukuyasikia asubuhi. Nikamwambia mambo ya usafiri.

Hata hapo nikadanganya.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya pili. Vikundi, maazimio, picha ya pamoja. Kila mtu ananipa mkono kwa maandalizi mazuri.

Mama Nanyangwe ameondoka na gari la asubuhi. Sikumuaga. Nilikuwa nasimamia picha.

Jumamosi, 30 Agosti

Vwawa. Nimelala mchana, nimeamka na hasira.

Nimemsimulia mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua maharage. Akauliza swali moja tu, kama yule mama anajua nilichosema ukumbini. Nikasema sijui. Akaendelea na maharage.

Nimeandika barua pepe kwa profesa na kwa washiriki wote arobaini na wawili. Nimeeleza simu, mtandao wa Nakonde, gesti niliyoichagua mimi, mzaha wangu. Nimeambatanisha kurasa za daftari ambazo mama alimruhusu Bwalya azipige picha. Nimeomba kura irudiwe kwa njia ya mtandao. Nimeituma kabla sijaisoma tena, nisije nikailainisha.

Nimechelewa siku tatu. Jumatano zingetosha sentensi mbili.

Jumanne, 2 Septemba

Hakuna jibu. Naangalia simu kama mtu aliyeposa.

Bwalya katuma neno moja: umefanya vema. Ni maneno mawili kumbe. Nimeyasoma mara nyingi.

Ijumaa, 5 Septemba

Profesa amejibu. Barua ya heshima sana. Ameguswa. Daftari ni hazina, angependa litajwe kwenye ripoti. Lakini vifaa vimeshapangiwa Mbebe na mkataba umeshasainiwa Jumatatu. Angejua siku ile, angekuwa wa kwanza kuomba kura irudiwe.

Angejua siku ile.

Anamalizia kwa kuomba vidude vya Ivuna vikusanywe kabla ya mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 8 Septemba

Dokta Kibona kapiga. Ameomba kura yake ifutwe, kijana wa watu, kana kwamba inasaidia. Nimemwambia afanye kazi Mbebe vizuri. Akauliza kama anaweza kwenda Ivuna kujifunza lile daftari. Nikamwambia asiniombe mimi ruhusa.

Jumamosi, 13 Septemba

Ivuna. Nimekwenda mwenyewe. Ningeweza kumtuma fundi.

Vijiti vilikuwa vimeshatolewa. Vimeoshwa, vimekaushwa, vimefungwa kwenye kipande cha kitenge pamoja na ile simu. Kitenge kilekile cha Tunduma. Ameukata upindo wake.

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Nikamweleza kuhusu mtandao, kuhusu gesti, kuhusu kipaza sauti. Nikamwambia nilichosema, neno kwa neno. Aliendelea kumwaga maji kwenye udongo. Akasema hayo aliyasikia siku ileile, mama mmoja wa chai alimwambia.

Kisha akasema, "Ile kura sina neno nayo, mwalimu. Wa kahawa nao ni watu. Ungeniachia saa yangu tu."

Nikasema nisamehe, mama. Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama ni ndiyo au ni kwamba amesikia.

Karatasi ya makabidhiano ina nafasi ya tarehe na saa. Mkono wangu ulikwenda mfukoni kwenye simu, nikaurudisha. Nikamwuliza yeye. Saa ya marehemu ilikuwa mahali pake, imeifunika ile alama. Akaiinua karibu na macho, akanitajia saa sita na dakika nane. Nikaandika hivyo.

Maji yalikuwa yanadondoka kwenye chungu cha chini. Akainama, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Akatema pembeni.

"Bado," akasema.

Akachukua daftari. Safu ya kushoto aliiacha tupu.